Mkunga na Wapokeaji wa Kanada

Wanawake wa Kasulu waliojifungua miaka ile wanamkumbuka kwa mikono yake. Mimi namkumbuka kwa maswali yake. Alikuwa akiingia kwenye duka langu la kuchapa na kutoa kopi, pale njia ya kwenda sokoni, anavuta stuli bila kukaribishwa, ananyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta na kuuliza:

"Huyu naye aliushikaje?"

Alikuwa mkunga wa zahanati. Watu wote walimwita Mkunga, hata waumini wenzake kanisani, hata mimi niliyekuwa nikimwamkia "shikamoo mama" na kuitikiwa "marahaba binti." Alikozaliwa sikuwahi kumwuliza, na watu wa upande huu wanajua kwa nini swali hilo huachwa. Nilichojua ni kwamba alifanya kazi Mtabila, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, mpaka ilipofungwa, ndipo akahamia mjini.

Mpira aliokuwa akiuulizia si huu wa miguu. Ni mpira wa Kanada, wenye umbo la yai, wachezaji kumi na wawili kila upande, wamevaa helmeti na kinga za mabega. Mmoja anaurusha, mwenzake anakimbia mbali kwenda kuupokea hewani, huku mabeki wakimjia kumwangusha. Huyo wa kupokea ndiye aliyempenda. Wengine wote aliwaita "wale wa kusukumana," na walipoanza kusukumana alikuwa akigeukia mlango kuangalia mvua inaelekea wapi.

Mwanzo wa kuupenda mchezo huo ulikuwa mtoto. Huko Mtabila alimzalisha mama mmoja ambaye hakutoka salama. Mama alikufa, mtoto akabaki, na baba yake alikuwa hajulikani alipo. Mkunga alimchukua mtoto yule, akamlea kama wake, akamwita mwana wanje, yaani mwanangu, kwa lugha ya nyumbani. Alipofika darasa la nne akatokea shangazi wa damu kutoka kambi ya Nyarugusu, ana karatasi za safari ya Kanada, na jina la mtoto limo ndani. Mkunga hakubisha. Alimfulia nguo zake mbili, akampeleka mwenyewe hadi Nyarugusu, akarudi. Tangu siku hiyo yeye na shangazi hawakusemezana. Kijana alipokua, akaanza kucheza mpira huo shuleni, na akawa mpokeaji.

Simu ya Mkunga ilikuwa kitochi. Video haziingii. Kwa hiyo kijana akawa anazituma kwenye simu yangu, na mimi nikawa mtu wa kumwonyesha, kumsomea Kiingereza, na kumrekodia sauti za kujibu. Kila Jumatatu asubuhi, baada ya zamu, alikuwa pale. Kanga moja kiunoni, nyingine mabegani kwa baridi ya Kasulu, viatu vya plastiki vyenye udongo mwekundu.

Kijana alimwambia kwamba akitaka kuuelewa mchezo, awajue waliotangulia. Basi akaniagiza niwatafute. Wapokeaji bora wa Kanada, wa zamani na wa sasa, mmoja mmoja. Nilikuwa namchapishia picha zao, yeye anazibandika kwenye daftari la mistari, na chini ya kila picha ananiamuru niandike. Majina yao halisi hayakumkaa mdomoni, akayatupa. Akawapa yake.

Wa kwanza alikuwa Mikono Mitupu, wa enzi za picha nyeusi na nyeupe, wapokeaji walipokuwa hawavai glovu. Amesimama kwenye theluji, vidole vimevimba. "Tazama kidole hiki," Mkunga aliniambia. "Kilivunjika kikaunga chenyewe. Hakuna aliyemfunga." Akafuata Kijiti, mwembamba wa enzi za nywele ndefu, ambaye makala ilisema makocha walimkataa kwa udogo wake. Halafu Shemasi, aliyemwita hivyo kwa sababu kila aliposhika mpira alipiga goti. Halafu Mzee Hachoki, aliyecheza mpaka ndevu zikaingia mvi na kuvunja rekodi ya yadi, kabla kijana mwingine hajaja kuivunja ya kwake. Mkunga hakumpenda huyo kijana. "Hana adabu," alisema. Nikamwuliza adabu gani, mtu amekimbia zaidi tu. Akasema, "Akishika mpira anautupa chini. Kitu umekipokea, unakitupaje?"

Alikuwa na sheria zake za kumpima mpokeaji. Hakutazama mbio wala kuruka. Alitazama vidole wakati mpira unafika. "Mwenye hofu anakaza vidole," alisema. "Ukikaza, kitu kinakudunda. Mikono inatakiwa irudi nyuma kidogo, imfuate." Alisema "imfuate," kama vile mpira ni mtu, na sidhani kama alijisikia.

Sheria za mchezo wenyewe alizishika upesi kuliko mimi. Timu ina majaribio matatu ya kusogea yadi kumi, sio mengi. Uwanja wao ni mpana na mrefu. Mpokeaji anaruhusiwa kuanza kukimbia kabla mpira haujachezwa, na akishika akiwa na mguu mmoja tu ndani ya mstari, inahesabika. Hiyo ya mguu mmoja ilimfurahisha mno. Aliwasimulia manesi wenzake, akamsimulia mchungaji, na siku moja nilimkuta sokoni anamfafanulia muuza samaki wa migebuka, amenyanyua mguu wake mmoja juu ya mfereji, watu wanacheka.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali. Aliwaambia wajawazito wawe na subira, lakini yeye mwenyewe foleni ya benki hakuiweza. Alikuwa akiondoka akinung'unika kwa Kiha mpaka mlinzi ananiuliza mimi kulikoni. Mpira wa miguu aliudharau wazi, mbele ya mume wangu ambaye ana jezi tatu. "Mtu ana mikono miwili na akili zake," alimwambia, "anapigaje kitu teke?" Kazini hakutetemeka kwa damu, ila kwenye video beki akimgonga mpokeaji alifumba macho na kuniuliza, "Ameamka?" Nikisema ameamka, anafumbua. Nikichelewa kujibu, ananipiga paja.

Na alikuwa mwongo, kwa namna ya wakunga. Nilijua kwa sababu mwanangu wa pili alipokelewa naye. Nilimwuliza kama bado sana, akasema, "Kidogo tu, binti," na ikachukua siku nzima. Baadaye nilimlaumu. Akajibu bila aibu, "Mama mwenye uchungu hapewi ukweli wote kwa pamoja. Unampa anaoweza kuubeba, mwingine unamwekea."

Maneno hayo niliyashika. Laiti nisingeyashika.

Kuna siku kijana alituma mpira wenyewe. Uliletwa na mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kutembelea ndugu zake. Mkunga alikuja nao dukani ndani ya kanga, akaufunua juu ya mashine ya kopi. Ngozi ya kahawia, mistari miwili myeupe, na kamba iliyoshonwa juu. Aliunusa. Halafu akaniambia nifunge duka.

"Nifunge saa nne hii, mama?"

"Funga. Twende nyuma."

Nyuma ya duka kuna uwanja mdogo na miti ya mikaratusi. Akavua viatu, akasimama kule mwisho karibu na ukuta, akaniambia nirushe. Mimi sijawahi kurusha kitu isipokuwa mawe kwa kuku. Mpira ukaenda kombo. Akauchukua, akanirudishia, akasema nirushe tena. Wa pili ulimfika kifuani, akaushika. Wa tatu ulienda juu, akarudi nyuma hatua mbili, akaushika. Nilirusha mpaka bega likaniuma. Kila uliomfikia aliushika, bila kelele, kana kwamba mpira umekuja kupumzika. Alikuwa amevuka sitini. Mwishoni akaketi chini kwenye majani makavu, ameukumbatia, akawa analia. Nilijua ni miaka mingapi hajamgusa yule mtoto.

"Mikono yake imeshika hapa," alisema baadaye, akionyesha kamba. "Hapa hapa."

Kijana akaingia chuo, na habari zikaanza kuwa kubwa. Kocha wa timu moja ya kulipwa alikuwa amekuja kumtazama. Gazeti la mji wao lilimwandika. Nilimsomea Mkunga makala ile mara nne, na mara ya nne alikuwa akinitangulia maneno. Akaniambia niache ukurasa mmoja mtupu kwenye daftari, baada ya yule asiye na adabu. Hakusema wa nani.

Halafu ikaja barua.

Ilitumwa na shangazi, bila salamu, picha mbili za karatasi. Ilikuwa ya daktari, ya Kiingereza. Kijana alikuwa amegongwa kichwani mara mbili ndani ya msimu mmoja. Maumivu hayajaisha, mwanga unamsumbua, anasahau mambo ya jana. Daktari aliandika kwamba asirudi kabisa kwenye mchezo wa kugongana msimu ule, kwa kuwa pigo jingine lingeweza kumwachia madhara yasiyopona. Na mwisho: kijana ni mtu mzima, uamuzi ni wake, ila amesema kuna mama mmoja Tanzania ambaye neno lake atalisikiliza.

Niliisoma yote peke yangu, asubuhi, kabla hajafika.

Alipofika nilimwona tangu mlangoni kwamba hayuko sawa. Kanga ya mabegani aliivaa nje ndani. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama mmoja aliyeletwa kwa pikipiki kutoka kijijini alikuwa amemfia mikononi, na mtoto pia. Aliketi kwenye stuli, akaweka mikono yake juu ya mapaja, viganja juu, akavitazama.

"Kuna kitu kutoka kwa mwana wanje?"

"Kipo, mama. Ni barua ya daktari."

"Ameumia?"

"Ameumia kichwa."

"Ameamka?"

"Ameamka, mama. Anatembea, anakula. Daktari anasema apumzike."

"Kisha?"

Hapo ndipo mahali penyewe. Nimepita hapo kila siku tangu wakati ule. Nilimtazama, nikaona mtu aliyekwisha kubeba maiti mbili siku moja, nikasema moyoni, nitampa anaoweza kuubeba, mwingine nitamwekea mpaka Jumatatu.

"Kisha atapona," nikasema.

Akavuta pumzi. Uso wake ukarudi. Akaniambia nimrekodie. Nikashika simu, nikabonyeza, naye akainama karibu na akasema, polepole, Kiha na Kiswahili vikichanganyika: "Mwana wanje, nimesikia umeumia. Usiogope. Mikono Mitupu alivunjika kidole. Mzee Hachoki aliumia goti, akarudi. Wote waliumia, wakarudi. Pumzika, kula, kisha rudi uwanjani ushike mpira wako. Mimi nipo, nakutazama."

Alinyanyua kichwa. "Imeingia?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Ningeweza kusema, mama, subiri, kuna mstari sijakusomea. Nilibonyeza.

"Imeingia," nikasema.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa Ujiji kwenye msiba wa baba mdogo. Nyingine nikaipitisha kwa kujiambia kwamba kijana mwenyewe anayo barua, anajua kusoma, hana haja ya mimi. Ya tatu, shangazi alipiga simu. Alikuwa analia, nikampa Mkunga simu, na wale wanawake wawili wakazungumza kwa mara ya kwanza tangu Nyarugusu.

Kijana alikuwa amerudi uwanjani. Alirushiwa pasi ndefu, akaruka, akaishika, na beki akamkuta angali hewani. Hakuamka pale. Aliamka hospitali baada ya siku kadhaa, lakini kuamka kwenyewe kulikuwa kufungua macho tu. Hasemi, hatembei, analishwa.

Mkunga alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja: "Mpira aliushika?" Sijui shangazi alimjibu nini kwa maneno, ila niliona midomo ya Mkunga ikisema ego, ndiyo. Akanirudishia simu, akashuka ngazi, akaenda. Daftari alikuwa ameliacha juu ya kompyuta. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwita. Hakugeuka.

Hakuja tena. Niliambiwa ameacha kazi, ameuza shamba lake la maharage, amehamia Kibondo. Watu wa Kasulu walisema uzee. Wengine walisema amerudia watu wake, maana kambi ya Nduta ilikuwa imejaa wakimbizi wa Burundi, na wajawazito wa kule hawakukosa kazi ya kumpa. Mimi nilinyamaza. Nilijua sababu si hiyo, na wa kuisema nilikuwa peke yangu.

Mwaka wa pili nikashindwa. Nilianza kukosea kazi. Nilimchapishia mtu cheti cha ubatizo kwa jina la marehemu. Mume wangu akasema, "Kinachokutafuna si ugonjwa. Nenda ukakiseme." Nikapanda gari la asubuhi kwenda Kibondo.

Nilimkuta uani kwenye vyumba viwili vya kupanga, kando ya barabara ya Nduta, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, lakini mgongo umenyooka vile vile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuacha kuchambua. "Ulipotea, binti."

"Nilikuwepo, mama. Niliogopa tu."

Akanivutia kiti. Sikukikalia. Nilisema nimesimama, kwa haraka, kama mtu anayetapika: kwamba barua ya daktari ilikuwa na maneno mengine, kwamba niliyaruka, kwamba niliona alivyochoka siku ile, kwamba nilikusudia kuyasema baadaye, kwamba nilibonyeza mwenyewe kutuma sauti yake nikijua.

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Unayo?"

"Ninayo kwenye simu."

"Soma. Yote."

Nikasoma, Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye madhara yasiyopona akainua kidole. "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia. Nikamalizia ile ya mama mmoja wa Tanzania ambaye neno lake atalisikiliza.

Hakulia. Alikaa akitazama kuku wa jirani wanaokwaruza majivu. Mwishowe akasema, "Mimi nilidhani ni mdomo wangu peke yake uliomrudisha uwanjani. Nikaubeba hivyo, peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili."

"Nisamehe, mama."

"Oya," akasema. Hapana. Hakusema kwa hasira. "Nenda, binti. Leo siwezi kukutazama. Kama kesho upo, uje."

Nililala nyumba ya wageni karibu na stendi, au tuseme nililala kitandani macho wazi. Asubuhi nilirudi. Mlango ulikuwa na kufuli. Mwanamke wa chumba cha pili, Mrundi aliyekuwa ananyonyesha, aliniambia Mkunga ameitwa alfajiri kwa mzazi. Nikaketi kwenye jiwe la kufulia. Gari la Kasulu la saa tatu likapita, la saa tano likapita. Jua lilikuwa utosini alipotokea barabarani, viatu mkononi, anatembea taratibu kama mtu mwenye habari njema aliyechoka.

Aliniona, akasimama.

"Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Wa kike," akasema, akimaanisha mtoto. Akanawa mikono muda mrefu, akafungua kufuli, akatoa kiti kile kile akakiweka kivulini. Safari hii nilikikalia. Akashusha ungo wake, akaketi mkabala nami, akaniuliza kama simu ina chaji.

"Ina chaji."

"Huko anakolala kuna manesi wanaomlisha. Shangazi yake anasema ni wazuri, lakini hawamjui. Utaandika kwa Kizungu. Nikisema neno, andika hilo hilo. Usiongeze, usipunguze."

"Ndiyo, mama."

"Andika: huyu hapendi uji wa moto. Tangu mdogo. Upulizwe kwanza."

Nikaandika. Akangoja mpaka vidole vyangu vikasimama.

"Andika: asilazwe ubavu wa kulia, anashtuka. Andika: wamwambie jina lake kabla ya kumgusa, hata kama hajibu."

Nikaandika.

"Andika: akiwa na hofu hatoi sauti. Anakunja vidole vya miguu. Wakiona vimekunjwa, wasikimbilie dawa. Wamshike kichwa kwa nyuma, hapa."

"Hapa wapi, mama?" Sikuwa na neno. Kiingereza kilinitaka nitaje mahali.

Akasukuma ungo kando, akanyanyuka, akaja nyuma ya kiti changu. Kiganja chake kilikuwa bado na harufu ya sabuni. Akausogeza ushungi wangu, akakiweka pale shingo inapokutana na fuvu, akakaza kidogo tu, kama anayepima uzito.

"Hapa," akasema. "Andika."

Hakuutoa mkono mpaka nilipomaliza sentensi.